LUGHA YA KUIAMURU MASHINE YA KUCHORA RAMANI

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia

  Daftari na kalamu ziwe tayari, maana leo kuna miaka ya kuandika na hesabu moja ya kufanya.

Somo letu ni la historia. Si historia ya vita, wala ya wafalme. Ni historia ya kazi. Tutaona jinsi ramani ya shamba ilivyokuwa ikichorwa kwa mkono, na jinsi mashine ilivyokuja kuishika kazi hiyo. Na ndani ya historia hiyo mna swali moja: mtu anayetaka kuifundisha mashine ya kuchora kazi mpya, aifundishe kwa lugha gani?

Labda mmoja wenu atanong'ona, "Jambo hilo lanihusu nini mimi, mwenye mikorosho yangu?" Lakuhusu, ndugu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, mwanakijiji aweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa shamba lake. Shamba hilo hupimwa, likachorwa, likapewa namba. Siku hizi michoro mingi ya namna hiyo hufanywa kwa kompyuta. Namba ikiwekwa mahali pasipo pake, mkorosho wako wa mpakani utakuwa wa jirani katika karatasi, hata kama mizizi yake haikusogea. Basi yatupasa kujua mashine hiyo huagizwaje, na ni nani awezaye kuisahihisha.

1. Wino na wembe

Zamani mchoraji ramani alikuwa mtu wa subira. Mpimaji alikwenda porini na mnyororo wa kupimia na darubini yake, akaandika vipimo katika kitabu. Kitabu kilipofika ofisini, mchoraji alikaa mbele ya meza pana iliyoinama kidogo. Alichora kwanza kwa penseli, kisha akapitisha wino juu ya karatasi inayopenya mwanga. Akikosea mstari, alichukua wembe akaukwangua wino polepole asije akatoboa karatasi. Akiharibu sana, alianza upya.

Katika nchi yetu, shule ya kufundisha wapimaji ilianza Dar es Salaam mwaka 1956, katika kambi ya Mgulani. Mwaka 1958 ilihamia mahali pake pa sasa. Shule hiyo ilikua, ikawa Chuo cha Ardhi, na tangu mwaka 2007 ni Chuo Kikuu cha Ardhi. Andikeni miaka hiyo mitatu.

Sasa tufikiri pamoja. Tuseme kijiji kina mashamba 200 yaliyopimwa. Katika kila shamba mchoraji lazima aandike mambo matatu: namba ya shamba, ukubwa wake, na jina la mwenyewe. Hayo ni maandishi 600. Mtu aandikaye kitu kimoja mara 600 huchoka, na mtu aliyechoka hukosea. Kumbukeni hesabu hiyo, tutarudi kwake.

2. Mashine yajifunza kuchora

Mwaka 1963, huko Marekani, kijana mmoja aitwaye Ivan Sutherland alionyesha jambo la ajabu katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts. Alitengeneza programu iliyoitwa Sketchpad. Programu maana yake ni mfululizo wa maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Kwa programu ile mtu aliweza kushika kalamu ya mwanga, akagusa kioo cha kompyuta, na mstari ukatokea. Mstari ukikosewa, haukuhitaji wembe. Uliondolewa mara moja.

Lakini kompyuta za siku zile zilikuwa kubwa na za gharama nyingi. Ofisi ya ramani ya wilaya haikuweza hata kuiota.

Hapa kwetu, kompyuta ya kwanza iliwekwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Haikuwa ya kuchora, ilikuwa ya hesabu. Kazi ya kuhamishia hesabu za serikali katika mashine hiyo haikwenda vizuri. Gharama zilikuwa kubwa, na walioijua mashine kwa undani walikuwa hasa wataalamu kutoka nje. Mwaka 1974 serikali ikakataza kuingiza kompyuta nchini, ila kwa ruhusa maalumu. Baadaye masharti yalilegezwa, na katika miaka ya 1990 kompyuta ziliingia kwa wingi.

Kwa nini twakumbuka habari hiyo katika somo la ramani? Kwa sababu ina fundisho lifaalo kila ofisi. Kununua mashine ni jambo moja. Kuwa na watu wanaojua lugha ya kuiamuru, na ambao watakuwapo kesho, ni jambo jingine. Mwenye mashine asiyejua kusema nayo ni kama mwenye jahazi asiye na nahodha: kila safari atangoja mtu wa kukodi.

3. Programu yenye mlango wazi

Mwaka 1982 watu kadhaa huko California, mmoja wao John Walker, walianzisha kampuni iitwayo Autodesk. Mwishoni mwa mwaka huo huo walitoa programu ya kuchora, jina lake AutoCAD. Iliweza kutumika katika kompyuta ndogo ya mezani. Programu hii ilienea duniani katika ofisi za wapimaji, wasanifu wa majengo na wahandisi wa barabara.

Programu kama hiyo huja ikiwa imefundishwa kazi za kawaida. Yajua kuchora mstari. Yajua kuchora duara. Yajua kuandika herufi. Lakini haijui desturi za ofisi yako. Haijui kwamba mashamba yenu hupewa namba kuanzia upande wa kaskazini, wala kwamba ukubwa huandikwa kwa ekari. Mambo hayo lazima afundishe mwenyeji.

Watengenezaji wa AutoCAD walifanya jambo la busara: waliacha mlango wazi. Mwenye programu aliweza kuandika maagizo yake mwenyewe, akaipa mashine amri mpya ambayo haikuwamo dukani. Mchoraji aweza kutunga amri ya kuweka ukubwa katikati ya kila shamba. Akiita amri hiyo, maandishi yale 600 tuliyoyahesabu huwekwa kwa dakika chache. Bado lazima mtu ayakague, lakini mkono hauchoki.

Basi sasa lile swali letu: amri hizo ziandikwe kwa lugha gani? Kwa maana kompyuta nazo zina lugha zake, na kila moja ina tabia yake.

4. Lugha ya mabano

Mwaka 1958 mwalimu mmoja wa Marekani, John McCarthy, alibuni lugha ya kompyuta iitwayo Lisp. Ni lugha ya kupanga mambo katika orodha, na kila orodha hufungwa kwa mabano. Mwaka 1986 AutoCAD ilipewa lugha ya ukoo huo, ikaitwa AutoLISP.

Tuijaribu. Wakulima wetu wengi hupima ekari kwa miguu: hatua 70 upande mmoja, hatua 70 upande wa pili. Katika AutoLISP hesabu hiyo huandikwa hivi:

(* 70 70)

Kinyota ni alama ya kuzidisha. Tazameni, kitendo hutangulia, kisha hufuata namba. Mashine itajibu 4900. Na kwa kuwa hatua moja ya mtu mzima yakaribia yadi moja, na ekari kamili ni yadi za mraba 4,840, mwaona kwamba wazee wetu hawakukosea sana. Ziada ni 60 tu.

Lugha hii ina kero yake. Amri ikiwa ndefu, mabano huwa mengi, moja ndani ya jingine. Ukisahau kufunga bano moja, amri nzima hukataa kwenda. Lakini ina sifa mbili kubwa. Kwanza, amri zake huandikwa kama barua ya kawaida. Waweza kuzichapa katika karatasi, ukazisoma kwa macho, ukampa mwenzako. Pili, huhitaji kuzipeleka kwanza kwa mfasiri. Waandika, wajaribu papo hapo, wasahihisha.

Kwa sababu hiyo wachoraji wenyewe, watu wasiosomea kompyuta, walijifunza kuandika amri ndogo ndogo. Walipeana kama watu wapeanavyo mbegu.

5. Lugha nyingine zaingia

Mwaka 1990 hivi mlango mwingine ulifunguliwa. Mtu aliweza kuandika maagizo kwa lugha iitwayo C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970. C ni lugha yenye nguvu na mwendo wa kasi. Lakini maagizo yake lazima kwanza yapitishwe katika programu ya kuyafasiri, ndipo mashine iyatumie. Na mwandishi akikosea, kosa lake laweza kuiangusha programu nzima pamoja na mchoro uliokuwa wazi. Ni lugha ya fundi aliyesomea.

Ninyi wa Rufiji mtaelewa upesi. Jahazi huchukua shehena kubwa na huvuka bahari, lakini halipiti katika vijito vya mikoko vya delta. Huko mtumbwi ndio chombo. C ni jahazi. AutoLISP ni mtumbwi. Hakuna aulizaye kipi ni bora mpaka aambiwe mzigo ni upi na njia ni ipi.

Mwaka 1997 ikaja lugha ya tatu, ya ukoo wa Basic. Basic ya kwanza ilibuniwa mwaka 1964 na waalimu wawili wa Chuo cha Dartmouth, John Kemeny na Thomas Kurtz, ili wanafunzi wasiosomea hesabu nao waweze kutumia kompyuta. Katika Basic hesabu yetu ya ekari huandikwa 70 * 70, kama tulivyozoea shuleni. Hakuna msitu wa mabano. Tena lugha hii, katika umbo lililoitwa Visual Basic, ilitumika pia katika programu za kuandika barua na za kupanga hesabu. Mchoraji aliweza kuchukua orodha ya majina ya wakulima kutoka programu ya hesabu na kuiingiza katika mchoro. Jambo hilo lilipendeza watu wengi, na ofisi nyingi duniani zikaandika amri zao kwa lugha hiyo.

Lakini sikilizeni yaliyotokea. Kuanzia toleo liitwalo AutoCAD 2010, lugha ile haikuletwa tena ndani ya programu. Aliyeitaka alilazimika kuitafuta na kuiweka peke yake. Wakubwa wa kampuni waliwaelekeza watu kwenye lugha mpya zaidi. Ofisi zilizokuwa na amri nyingi za Basic zikakabiliwa na kazi ya kuziandika upya. Na amri hizo hazikuwekwa kama barua isomekayo kwa macho. Zilifungwa katika faili linalohitaji chombo chake maalumu cha kulifungulia. Kama mwandishi amekwisha kuondoka ofisini na chombo hakipo, aliyebaki hana la kufanya.

Na AutoLISP, mzee mwenye mabano? Bado yupo. Hata programu nyingine za kuchora, zilizotengenezwa na makampuni mengine, zilijifunza kumwelewa. Amri nyingi zilizoandikwa miaka mingi iliyopita bado zafanya kazi. Na mwaka 2023 alikaribishwa hata katika AutoCAD ile ndogo ya bei nafuu, ambayo kabla ya hapo haikumpokea.

Iko lugha moja zaidi ya kuitaja. Ni Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Hii husomeka kwa urahisi, na hutumika katika kazi za namna nyingi sana, si za kuchora tu. Programu ya ramani iitwayo QGIS, ambayo hutolewa bila malipo, huagizwa kwa Python. Kijana aliyejifunza Python kwa ajili ya ramani aweza kuitumia kesho katika hesabu za hospitali au za hali ya hewa.

6. Tumepata kuchagua lugha kabla ya hapa

Ndugu wanafunzi, kuchagua lugha moja kati ya nyingi si jambo geni kwetu. Mwaka 1928 wakubwa wa elimu wa Afrika Mashariki walikutana Mombasa. Kiswahili kilikuwa na lahaja nyingi, na vitabu vya shule vilihitaji lahaja moja. Kimvita cha Mombasa kilikuwa na sifa ya ushairi wa siku nyingi. Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuenea bara pamoja na misafara ya biashara. Walichagua Kiunguja, na mwaka 1930 kamati ikaanza kazi ya kukisanifisha.

Kilichaguliwa kwa kuwa kizuri kuliko Kimvita? La. Kilichaguliwa hasa kwa sababu watu wengi zaidi, katika nchi kubwa zaidi, waliweza kukielewa. Faida yake twaiona: kitabu kimoja chasomwa Kigoma na chasomwa Mchukwi. Hasara yake pia ipo, maana lahaja nyingine zilinyimwa nafasi yake vitabuni. Kila uchaguzi wa lugha una bei yake.

Tena mtu wa Mchukwi aweza kusema Kindengereko nyumbani na Kiswahili sokoni. Hajajichanganya. Ajua kila lugha ina mahali pake. Na ofisi ya ramani yaweza kufanya vivyo hivyo: lugha moja kwa kazi ndogo za kila siku, na nyingine kwa kazi kubwa.

7. Namna ya kuchagua

Basi ofisi ichagueje? Historia tuliyoisoma yatupa maswali manne.

Swali la kwanza: Ni nani atakayeandika? Akiwa ni mchoraji mwenyewe, apewe lugha ambayo aweza kujaribu na kusahihisha papo hapo. Asipewe jahazi.

Swali la pili: Kazi ni kubwa kiasi gani? Kuandika ukubwa wa mashamba 200 ni kazi ya mtumbwi. Kutengeneza programu kamili ya kuuza nchi nyingi ni kazi ya jahazi.

Swali la tatu: Lugha hiyo ni ya programu moja tu, au yavuka kwenda nyingine? Ofisi inayotumia QGIS yafaa ijifunze Python. Ofisi inayochora kwa AutoCAD kila siku itafaidika kwa AutoLISP.

Swali la nne ndilo kubwa kuliko yote: Mwandishi akihama, akistaafu au akifariki, ni nani atakayesoma alichoandika? Ofisi hubadilisha watu. Ramani ya kijiji haibadiliki kwa sababu mchoraji amehamishwa. Wajukuu watakuja kuiulizia. Amri isiyoweza kusomwa na aliyebaki ni deni, hata kama leo yafanya kazi kwa haraka ya ajabu.

Kwa hiyo jibu la somo letu ni hili: lugha iliyo bora kwa ofisi si iliyo mpya zaidi, wala si yenye nguvu zaidi. Ni ile ambayo watakaobaki wataweza kuisoma na kuisahihisha. Wizara ilifundishwa jambo hilo na kompyuta ya 1965. Ofisi za Basic zilifundishwa tena na AutoCAD 2010.

Na liko jambo moja la kufurahisha. Katika AutoLISP, ukiweka nukta na mkato, yaani alama hii ; basi maneno yanayofuata katika mstari huo mashine haiyasomi. Ni maneno ya binadamu kwa binadamu. Hapo mchoraji aweza kuandika kwa Kiswahili safi: "Amri hii huandika ukubwa wa shamba kwa ekari." Katika Python alama ya kazi hiyo ni #. Fundi mwema huandika maelezo hayo katika kila amri. Fundi mbaya huyaacha yote kichwani mwake, akaondoka nayo.

Siku mpimaji atakapokuja kijijini kwenu, nendeni mpakani pamoja naye na pamoja na jirani zenu. Mchoro ukirudi, usomeni: namba, jina, ukubwa. Mkiona kosa, semeni mapema, na ulizeni ni nani atakayelisahihisha. Mmejifunza kusoma, hiyo ni kazi mojawapo ya kusoma.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mchoraji wa zamani alitumia nini kuondoa kosa? Mchoraji wa leo je?
2. Kwa nini mwaka 1974 ni mwaka wa kukumbukwa katika historia ya kompyuta nchini?
3. Shamba lina hatua 140 kwa 70. Ni hatua za mraba ngapi? Ni ekari ngapi hivi?
4. Kijiji kina mashamba 350. Kila shamba lahitaji maandishi matatu. Jumla ni maandishi mangapi?
5. Katika kazi zenu, je, kuna ujuzi ambao mtu mmoja tu aujua? Akiondoka itakuwaje?

MANENO YA KUJIFUNZA

Programu: maagizo yaliyopangwa ambayo kompyuta huyafuata.
Amri: neno moja linaloiambia mashine ifanye kazi fulani.
Mabano: alama mbili za kufungia maneno au namba, ( na ).
Toleo: programu au kitabu kama kilivyotolewa mara fulani.
Kusanifisha: kuifanya lugha iwe na namna moja ya kuandikwa.

Hapa ndipo mwisho wa somo letu la leo. Waalimu, msaidieni kila mwanafunzi kuandika hesabu ya swali la tatu.